Mama Bawaba, fundi aliyefungiwa na mlango wake siku ya droo

Saa mbili asubuhi, ghorofa ya nne ya jengo ambalo bado halina hata mkazi mmoja, mwanamke aliyevaa kofia ngumu ya njano anafunga mlango mpya, anarudi hatua moja nyuma, anapangusa vumbi la mbao usoni, kisha anabisha kwa adabu zote.

"Hodi!"

Anabisha tena, kwa nguvu zaidi.

"Hodi humu ndani!"

"Karibuuu," sauti ya kiume inajibu kutoka chumba cha mwisho, kama ya mtu aliyelazimishwa kuimba. Ni fundi plasta. Yupo juu ya ngazi, mikono imejaa saruji, na tangu asubuhi hii hana kazi nyingine ila kumkaribisha mgeni asiyeingia.

Mwanamke hatabasamu. Anatega sikio kwenye ubao kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa, halafu anatikisa kichwa.

"Nimekusikia mno," anatangaza kwa majonzi. "Huu mlango unavuja."

Anachomoa bisibisi mfukoni na kuanza kulegeza bawaba. Fundi plasta anashusha pumzi. Anajua ataitwa tena.

Hapa kazini hakuna anayelitumia jina alilopewa na wazazi wake. Wote, kuanzia msimamizi mpaka mama anayeuza chai getini, wanamwita Mama Bawaba. Kazi yake ni kufunga milango katika nyumba za gharama nafuu zinazojengwa na serikali. Jengo la kwanza limekwisha na lina watu. Hili ni la pili, na milango yote ya upande wa kulia ni yake.

"Mlango uliofungwa sawasawa unaibana sauti," anaeleza, akipuliza vumbi kwenye tundu la kitasa. "Nikisema hodi, nikasikia 'karibu' kama mtu yupo sokoni, nauondoa naanza upya. Nikisikia 'karibu' kama mtu yupo kwa jirani, hapo nakubali."

Je, kipimo hicho kimeandikwa kwenye ramani?

"Ramani inajua vipimo vyake, na mimi ninajua vyangu. Tunaheshimiana."

Fundi plasta anakiri kuwa mwanzoni alikuwa na wasiwasi. "Siku yangu ya kwanza nilimwona mtu mzima anabisha hodi kwenye nyumba tupu. Nikajisemea, huyu dada ana jini. Nikaita msimamizi. Msimamizi akaniambia, 'Wewe jibu tu karibu, tuendelee na kazi.'"

"Na hukujibu," Mama Bawaba anamkumbusha.

"Sikujibu. Nilikimbia."

* * *

Waswahili walisema zamani kwamba mfinyanzi hulia gae. Hawakumfahamu Mama Bawaba, lakini walimlenga vizuri. Kwa miaka kumi na moja, fundi huyu aliyefungia watu wengine milango ya kila aina alikuwa akirudi jioni katika chumba kimoja cha kupanga, ambacho ndani yake hakikuwa na mlango wowote. Kilikuwa na pazia.

Upande mmoja wa pazia kulikuwa na kitanda. Upande wa pili kulikuwa na jiko, meza, ndoo za maji, mabinti wawili na madaftari yao. Na kitandani, kuanzia asubuhi mpaka jua likielekea kuzama, alilala mume wake, ambaye ni mlinzi wa usiku katika ghala.

Hapo ndipo ilipozaliwa sheria kuu ya nyumba ile: hakuna kusema kwa sauti. Sufuria zilioshwa taratibu kama zinazikwa. Mwenye chafya aliomba ruhusa, akatoka nje, akapiga chafya yake, akarudi. Wageni walipokelewa kwa ishara za mikono, na wengi hawakurudi.

"Nilikuwa nasikia kila kitu hata hivyo," anasema mume, mtu mrefu mpole mwenye macho mekundu ya kazi yake. "Wakinong'ona ni vibaya zaidi. Mtu akisema kwa sauti unajua anasema nini, unalala. Akinong'ona, unaanza kujiuliza kama unasemwa wewe."

"Ulikuwa unasemwa wewe," anasema mkewe.

Aliyeumia zaidi ni binti yao mkubwa, mwenye umri wa miaka kumi. Baba yake, ambaye hana makosa mengi isipokuwa utani, alimpa jina la Kipaza, kwa sababu mtoto huyo alikuwa hasikiki hata ukimwekea sikio mdomoni. Alizoea kunong'ona nyumbani mpaka akasahau kuacha alipofika shuleni. Akiulizwa swali darasani alijibu, na jibu lilikuwa sahihi, lakini habari hiyo alibaki nayo yeye na mwenzake wa dawati moja.

Mwalimu alimwita mama.

"Akaniuliza, 'Mama, mtoto ana ugonjwa wa koo?' Nikamjibu, 'Hapana, mwalimu. Ana baba anayelala mchana.' Mwalimu akacheka. Mimi pia nikacheka. Nilipofika barabarani kicheko kikakatika." Mama Bawaba anaiweka bisibisi chini. "Mimi nafunga milango ya watu, na mwanangu hana mahali pa kuwekea sauti yake. Siku hiyo nikasema, iwe isiwe, lazima nipate nyumba yenye mlango katikati."

* * *

Mpango wenyewe, kwa wasioufahamu, ni huu. Serikali inatoa ardhi na fedha za ujenzi kupitia mfuko maalumu wa nyumba. Mwenye kipato cha chini anaomba, anaweka amana ndogo, na akipata nyumba analipa kila mwezi kwa miaka ishirini. Akimaliza, nyumba ni yake, wala hakuna wa kumtolea vyombo nje.

Jengo la kwanza lilikuwa na nyumba mia moja na ishirini. Walioomba walizidi elfu mbili. Nyumba kumi na mbili zilitengwa kwa ajili ya wajenzi waliofanya kazi hapo hapo, na wajenzi walioomba walikuwa tisini. Wanaojua hesabu walikata tamaa mapema. Mama Bawaba alitengeneza vigoda kila Jumapili, akaviuza getini, akapata amana.

Ufundi aliurithi katika karakana ya mjomba wake, ambaye hakutaka kuurithisha. "Mjomba alisema randa si ya mwanamke. Nikamwambia, 'Mjomba, mbao haimjui anayeipiga randa. Tuiulize.' Akanipa ubao mmoja mbaya kuliko yote, wenye mafundo, ili nishindwe. Leo ubao huo ndio meza anayolia chakula."

Kwenye jengo la kwanza alifanya kazi na mpinzani wake wa siku zote, fundi milango mwenzake anayeitwa Chapuchapu. Jina linajieleza. Mama Bawaba akifunga mlango mmoja, Chapuchapu amefunga miwili na yupo kivulini anakunywa chai. Wamefanya kazi pamoja miaka sita, na katika miaka hiyo hakuna aliyemsifu mwenzake hata mara moja.

"Mlango wa Chapuchapu hufunga siku ukijisikia," Mama Bawaba alikuwa akiwatangazia watu.

"Wake unafunga vizuri," Chapuchapu alijibu, "ila ni wa polepole; ikifika zamu yako ya kuhamia, wajukuu wako ndio watakaoufungua."

Kauli hiyo ilikuja kuwa karibu na ukweli kuliko alivyokusudia.

* * *

Siku ya droo ya wajenzi, meza ilipangwa uwanjani mbele ya jengo, ikatandikwa kitambaa cheupe. Afisa wa mfuko wa nyumba alifika na miwani, kipaza sauti na kanuni. Miradi mingine ilikuwa imewahi kuingiliwa na watu hewa, yaani majina yanayopata nyumba bila kuwa na miguu, kwa hiyo safari hii kanuni ilikuwa kali. Anayeitwa asimame mbele ya meza na kitambulisho chake, aonekane kwa macho ya watu wote, kisha achukue mwenyewe karatasi ya nyumba kutoka kwenye ndoo. Jina linachomolewa kwenye pipa, linaitwa mara tatu. Asiyetokea, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Mafundi wote waliacha kazi, wakajaa uwanjani. Wote, isipokuwa mmoja.

"Nilikuwa nazungukazunguka tu," anasimulia Mama Bawaba. "Nikaona nikikaa pale nitazimia kabla hata ya kuitwa. Nikasema ngoja nipande juu kidogo, nifunge kitasa kimoja kilichobaki ghorofa ya tatu, mikono itulie. Wakianza nitasikia, nitashuka."

Sasa, kitasa cha mlango wa mbele kina pande mbili. Upande wa nje kuna tundu la ufunguo. Upande wa ndani kuna kishikio cha kuzungusha. Hilo linajulikana na fundi yeyote, na linajulikana na Mama Bawaba kuliko wote. Lakini asubuhi ile kichwa kilikuwa uwanjani na mikono ilikuwa ghorofani. Akakifunga kitasa nje ndani, ndani nje. Akaingia kukijaribu. Upepo ukapita kwenye roshani, ukapiga mlango.

Ta!

Ufunguo ulikuwa kwenye sanduku lake la vifaa. Sanduku lilikuwa nje ya mlango. Mfukoni alikuwa na penseli, kitambulisho alichokishonea humo asubuhi kisije kikapotea, na uzi wa kupigia mstari.

"Nikabisha hodi kutoka ndani," anasema. "Miaka yote nabisha kutoka nje. Nikagonga, 'Hodi! Hodi jamani!' Nani ajibu? Wa kujibu wote wapo chini wanasubiri nyumba."

Mlango nao ulikuwa wa mkono wake mwenyewe, uliofungwa barabara. Sauti haikuvuja hata chembe.

Ndipo kutoka uwanjani kipaza sauti kikalitaja jina lake lote, lile la kwenye kitambulisho, ambalo mafundi wengi walikuwa hawalijui. Watu wakatazamana. Nani huyo?

"Mara ya kwanza," alisema afisa.

Mama Bawaba alikimbilia roshani. "Nipo! Mimi! Nipo huku juu!"

Nyuso mia zikainuka. Fundi plasta ndiye aliyepiga kelele ya kwanza: "Ni Mama Bawaba! Shuka, dada, umepata!"

"Siwezi! Nimejifungia!"

Waliokuwepo wanasema kimya kilichofuata kilikuwa kifupi sana, na kicheko kilichofuata kimya hicho kilikuwa kirefu sana.

"Mara ya pili," alisema afisa, ambaye hakucheka, kwa sababu kanuni haikusema acheke.

"Mheshimiwa, si unamwona? Yule pale!"

"Kanuni inasema mbele ya meza. Nikimsubiri mmoja nitawasubiri wote, na kesho mtaniambia nimewapa nyumba watu hewa."

"Huyu si mtu hewa, mheshimiwa! Yupo hewani tu!"

Chapuchapu alikuwa ameshaanza kupanda ngazi mbio. Jina lake mwenyewe lilikuwa bado lipo ndani ya pipa la droo, halijaitwa. Lakini ghorofa tatu ni ghorofa tatu hata kwa mtu mwenye jina lile, na afisa alikuwa tayari amevuta pumzi ya kuita mara ya tatu.

Hapo ndipo fundi plasta alipopata wazo ambalo mpaka leo halikubali kuwa lake, endapo kutakuwa na kesi.

"Jamani," alisema, "shikeni meza."

Mafundi wanne waliinua meza, kila mmoja kwenye pembe yake. Kitambaa, pipa, ndoo, majalada na chupa ya maji ya afisa viliondoka pamoja nayo kwa heshima kubwa, kama bwana harusi aliyebebwa juu juu. Afisa alibaki amekaa kwenye kiti katikati ya uwanja, kalamu ikiwa juu, mbele yake hakuna kitu. Kisha akanyanyuka kuikimbilia ofisi yake.

Waliitua chini ya roshani ya ghorofa ya tatu, sawa kabisa. Mmoja akatumia timazi, ule uzi wenye uzito wa kupimia wima, kuhakikisha.

Mama Bawaba alisimama juu, mbele ya meza.

Mtu mmoja alinung'unika kwamba huo si utaratibu. Afisa alivua miwani, akatazama juu. Akaivaa, akatazama meza. Akafungua kanuni, akasoma kifungu kile chote kwa sauti kwenye kipaza sauti. Halafu akasema maneno yanayonukuliwa na mafundi hao mpaka leo:

"Meza ni hii. Mtu ni yule, na wote mnamwona. Kanuni haikutaja urefu. Kitambulisho!"

Uwanja ulilipuka. Uzi wa kupigia mstari ulishuka kutoka roshani na kitambulisho kwenye ncha. Afisa alikilinganisha na uso uliokuwa ukining'inia juu yake, akaridhika. Ndoo ya karatasi ikafungwa kwenye uzi ule ule, na Mama Bawaba akaivuta polepole kama anavuta maji kisimani, watu wakihesabu ghorofa kwa sauti moja. Akaingiza mkono. Akafungua karatasi. Akaisoma mara mbili.

"Sema!" walimpigia kelele.

"Ghorofa ya pili," alisema. "Nyumba ya mwisho, kushoto."

Upande wa kushoto. Milango yote ya kushoto ilifungwa na Chapuchapu.

Wakati huo huo mlango uliokuwa nyuma yake ulifunguka bila tabu yoyote, na Chapuchapu, ambaye kwa haraka yake alianza kwa kukosea ghorofa, akaingia akihema, ameshika kishikio. "Dada," alisema, "huu unafunguka kwa nje tu. Umejenga mahabusu."

Kisha akaiona karatasi mkononi mwake. Wanasema alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Droo iliendelea hadi adhuhuri. Jina la Chapuchapu halikutoka. "Iliuma," anakiri, akiwa kazini kwenye jengo la pili. "Nilikwenda nyumbani sikula. Lakini asubuhi nikajiambia, mimi sikupata nyumba, ila mlango wangu umepata. Tena umempata fundi."

Afisa, aliyeulizwa kwa simu kuhusu siku hiyo, alijibu kwa uzito unaostahili. "Nimesimamia droo nyingi. Meza kunikimbia ilikuwa mara ya kwanza. Siku hizi kanuni inasema meza isiondoke mahali pake." Kisha akaongeza: "Lakini nyumba aliipata kihalali. Hilo liandike."

* * *

Siku ya kuhamia, mabinti walibeba ndoo, mume alibeba kitanda, na nusu ya mafundi walibeba udadisi. Walipofika ghorofa ya pili wote walisimama. Walitaka kumsikia Mama Bawaba akibisha hodi kwenye mlango wa Chapuchapu na kutoa hukumu.

Alitoa ufunguo, akaufungua mlango, akaingia.

"Haa! Na hodi je?" aliuliza fundi plasta.

"Hodi ya nini? Mtu habishi kwake."

Mlango ulikwaruza sakafu kidogo, kwenye kona ya chini. Wote waliusikia. Alimtazama Chapuchapu. Chapuchapu alitazama dari.

Mlango huo bado unakwaruza. Mwenye nyumba anasema atauondoa na kuufunga upya. Aliyeufunga anasema ukiguswa atauchukulia ugomvi. Suala liko mezani, na kwa kuwa meza za hapa zina historia ya kutembea, hakuna anayejua litaishia wapi.

Kodi ya chumba cha zamani ilikula theluthi ya kipato chao wote wawili. Malipo ya nyumba yanakula kiasi hicho hicho. "Tofauti ni kwamba hii ina vyumba viwili, jiko, na choo kisicho na foleni," anasema Mama Bawaba. "Wiki ya kwanza nilikuwa naamka naenda chooni hata sina haja. Kufurahia tu."

Ni alasiri, baada ya kazi. Anaongea sebuleni kwa sauti ya kawaida, na kila baada ya sentensi chache anageuka kuuangalia mlango wa chumbani, nao kazi ya Chapuchapu, kama haamini. Nyuma ya mlango huo mume amelala. Mabinti wameketi mezani na madaftari. Kipaza anasoma kimyakimya, midomo ikicheza.

Anasema ana mipango miwili. Wa kwanza ni kufungua karakana ya milango na yule yule mpinzani wake. "Mimi nifunge vizuri, yeye afunge haraka, tutapata wateja wa aina zote." Wa pili unahusu jengo la pili, ambalo droo ya wajenzi wake inakaribia. Jina la Chapuchapu limo tena. "Akipata, mlango wake naufunga mimi. Na siku ya droo nitakaa karibu na meza, nishike mguu wake mmoja, liwalo na—"

Mlango wa mbele unagongwa. Ngo, ngo, ngo.

"Hodi!" Ni Chapuchapu, na nyuma yake kicheko cha fundi plasta. "Hodi humu ndani!"

Mama Bawaba anafungua mdomo. Lakini Kipaza ameshasimama, kiti kimeanguka nyuma yake, amejaza kifua pumzi yote ya miaka kumi.

"KARIBUNI!"

Vikombe vinalia kabatini. Mdogo wake anaziba masikio. Kipaza mwenyewe anajiziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, na wote watatu wanageukia mlango wa chumbani na kusubiri.

Kitanda hakilii. Hakuna anayekohoa. Mama Bawaba ananyata mpaka pale, anatega sikio kwenye ubao kama daktari, anasikiliza.

Kwa mbali, kama mtu aliyepo kwa jirani, mume wake anakoroma.

"Huu," anasema, akisimama wima, "nakubali." Halafu anamnyooshea bintiye kidole. "Mama, hebu waite tena. Hawajasikia."